Nanomita Hazituambii Lini Tubadilishe Kompyuta

Swali tulilo nalo jioni hii ni la fedha kabla ya kuwa la sayansi. Mtu ana kompyuta inayofanya kazi, ingawa polepole. Dukani kuna nyingine ambayo chipu yake, kwa mujibu wa tangazo, imetengenezwa kwa nanomita chache kuliko ya kwake. Je, abadilishe sasa, asubiri, au aendelee na hiyo aliyo nayo? Hoja yangu ni kwamba idadi ya nanomita, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dalili ya kuaminika, haifai tena kuwa kipimo cha uamuzi huo, na kwamba mnunuzi wa Nakuru, Gilgil au Molo ana sababu nyingi zaidi za kuiweka kando kuliko mnunuzi wa London. Yanayoamua ni mambo mengine, na mambo hayo yanapimika kwa saa za kazi, kwa shilingi na kwa tarehe.

Tuanze na enzi ambayo nanomita zilisema kweli, maana bila kuielewa hatutaelewa kwa nini watu wengi bado wanaziamini. Mwaka 1965 Gordon Moore aliandika katika jarida la Electronics kwamba idadi ya vijenzi katika saketi moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha na kusema kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Lakini wingi huo peke yake haukuwa ndio uliomfaidi mnunuzi. Kilichomfaidi ni jambo ambalo Robert Dennard wa IBM na wenzake walilieleza mwaka 1974: ukipunguza vipimo vya transista pamoja na volteji yake, inawaka na kuzima kwa haraka zaidi, na joto linalotoka katika kila milimita mraba ya silikoni linabaki palepale. Kila kizazi cha chipu, kwa hiyo, kilikuja na kasi isiyolipiwa kwa joto. Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 ilikwenda kwa megahezi 60 na 66. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa zimeuzwa prosesa za gigahezi 1, yaani mara kumi na tano ndani ya miaka saba. Aliyekaa na kompyuta moja katika miaka hiyo alijikuta hawezi hata kufungua programu mpya. Wakati huo ushauri wa kufuata kila punguzo la ukubwa ulikuwa ushauri mzuri.

Mpango huo wa Dennard ulivunjika kati ya mwaka 2004 na 2006. Volteji haikuweza kushushwa zaidi bila transista kuanza kuvujisha umeme hata ikiwa imezimwa, na joto likaanza kupanda. Mwaka 2004 Intel ilifikisha Pentium 4 kwenye gigahezi 3.8, na mwaka huohuo ikaachana na mpango wa kuuza ile ya gigahezi 4. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na prosesa za kazi za ofisi bado hukaa karibu na hapo, ingawa mpya hupanda kufikia gigahezi 5 hivi pale zinapobanwa na kazi. Watengenezaji waligeukia njia nyingine, wakaweka viini viwili, vinne, sita, nane katika chipu moja. Njia hiyo ina kikomo chake, ambacho Gene Amdahl alikuwa amekwisha kukieleza tangu mwaka 1967: kazi ikiwa na sehemu moja ya kumi isiyoweza kugawanywa, hata ukiipa viini elfu moja haitaweza kwenda zaidi ya mara kumi. Kuandika barua, kujaza fomu ya serikali, kupanga alama za wanafunzi katika jedwali: hizi ni kazi ambazo sehemu yake kubwa haigawanyiki. Mwenye saiba, yaani duka la huduma za kompyuta, anayenunua prosesa ya viini kumi na viwili ili wateja wachapishe vyeti ananunua viini vitakavyokaa bila kazi.

Jina lenyewe la nanomita nalo liliachana na vipimo. Zamani namba hiyo ilikuwa urefu wa sehemu halisi ya transista. Leo ni jina la kizazi tu. Katika chipu inayoitwa ya nanomita 5, umbali kati ya lango la transista moja na la jirani yake ni nanomita zaidi ya 45. Kampuni mbili zinaweza kutumia namba mbili tofauti kwa ujazo wa transista unaokaribiana. Kwa hiyo anayelinganisha nanomita 10 za kampuni moja na 7 za nyingine, akadhani ya pili imetangulia kwa karibu theluthi, analinganisha majina.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, unatoka katika mashine ambazo zimejaa madukani mwetu. Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa mjini Nakuru kwa watu wa kawaida si mpya. Ni zile wauzaji huziita ex-UK, zilizotumika maofisini Ulaya au Marekani kwa miaka mitatu, minne au mitano, kisha zikasafishwa na kusafirishwa: OptiPlex za Dell, EliteDesk na EliteBook za HP, ThinkPad na ThinkCentre za Lenovo. Intel ilikuwa imeazimia kutoka nanomita 14 kwenda 10 mnamo mwaka 2016. Ikachelewa, na chipu za nanomita 10 hazikusambaa sokoni hadi mwaka 2019. Ina maana kwamba kuanzia kizazi cha sita cha mwaka 2015 kwenda mbele kuna miaka kadhaa ambayo kipimo kilichotangazwa kilikuwa kilekile, 14. Sasa chukua kompyuta mbili za mkononi kutoka katika miaka hiyo. Moja ina Core i5-7200U, ya kizazi cha saba; nyingine ina Core i5-8250U, ya kizazi cha nane, iliyotoka Agosti 2017. Zote mbili ni za nanomita 14. Zote zina kadirio la wati 15. Lakini ya kwanza ina viini viwili na ya pili ina vinne. La maana zaidi ni kwamba Microsoft ilipotoa Windows 11 mwaka 2021 ilichora mstari wake papo hapo: kizazi cha nane kinakubalika, cha saba, isipokuwa chipu chache mno, kinakataliwa. Mstari mkubwa kuliko yote kwa mnunuzi wa mtumba haupo kabisa katika hesabu ya nanomita. Mtu aliyeangalia namba hiyo peke yake mezani pa muuzaji angeziona mashine hizi mbili kuwa sawa, akachukua ile ya bei nafuu.

Kuna na jambo la soketi, ambalo huwaponza wanaotaka kubadilisha prosesa peke yake. Katika kompyuta za mkononi za aina hizi chipu imeunganishwa moja kwa moja kwenye madabodi, na hakuna la kubadilisha. Kwenye za mezani inawezekana, ila si kila mahali. Madabodi za kizazi cha sita na cha saba zina soketi ya miguu 1,151, na za kizazi cha nane pia zina miguu 1,151. Prosesa ya kizazi cha nane huingia vizuri kabisa katika soketi ya zamani, halafu mashine haiwaki, kwa sababu miguu ile imegawiwa kazi tofauti. AMD ilifanya vingine: soketi yake ya AM4 ya mwaka 2016 iliendelea kupokea prosesa mpya kwa miaka mingi, na mwenye madabodi hiyo aliweza, akipata sasisho la BIOS, kuruka vizazi kadhaa kwa kununua chipu tu. Lakini mashine za mtumba zinazofika Nakuru kwa wingi ni za Intel, kwa hiyo tunaposema kubadilisha prosesa, mara nyingi tunasema kubadilisha mashine nzima.

Kabla ya kufika huko tujiulize kama prosesa ndiyo yenye kosa. Kichwa cha diski ngumu ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kufika mahali data ilipo. SSD huhitaji sehemu ya kumi ya milisekunde moja au chini yake. Kwa prosesa ya gigahezi 3, milisekunde 10 ni mizunguko milioni 30 ya kukaa bure ikisubiri. Gari la injini kubwa lililokwama nyuma ya lori la mizigo likipanda Mau Summit haliongezi mwendo kwa kubadilishiwa injini. Kipimo ni rahisi, na hakuna fundi atakayekutoza kwa hicho: fungua Task Manager wakati mashine imekwama, uangalie safu tatu za prosesa, kumbukumbu na diski. Diski ikiwa imesimama kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini ya 20, unahitaji SSD. Kumbukumbu ikiwa imejaa na RAM ni gigabaiti 4, unahitaji kufika 8. Prosesa ikigonga 100 kila siku, dakika nyingi, kwa kazi unayolipwa, hapo ndipo mazungumzo ya prosesa yanapoanza.

Nayo safu hiyo ya prosesa inaweza kudanganya, kwa sababu ya vumbi. Ukifungua kifuniko cha mashine iliyokaa miaka mitatu katika chumba kinachoelekea barabara, utakuta kati ya feni na mapezi ya aluminiamu utando wa vumbi ulioshikana hata unaweza kuuinua kwa vidole viwili. Chini ya mapezi, pesti ya kupitisha joto imekauka na kupasuka, na badala ya kugusana vizuri, chipu na chuma vimetenganishwa na unga. Prosesa inayokaribia nyuzi joto 100 hujishusha kasi yenyewe isiungue. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, hivyo feni ileile ikizunguka kwa mwendo uleule hubeba joto pungufu. Baridi ya usiku wa hapa husaidia, lakini haitoboi utando ule. Mashine ya namna hii huonekana imezeeka, ikauzwa kwa bei ya kutupa, kumbe inahitaji brashi, mafuta kidogo ya feni na pesti mpya.

Nisieleweke kwamba kupungua kwa transista hakuna faida. Faida ipo, ila imehama: siku hizi hulipa kwa wati zaidi ya inavyolipa kwa kasi. Core i5-2400 ya mwaka 2011 ilitengenezwa kwa nanomita 32, ina viini vinne na kadirio la wati 95. Intel N100 ya mwaka 2023 ina viini vinne pia na kadirio la wati 6, na kwa kazi za kawaida inaifikia ile ya kwanza au kuipita. Tuifanyie hesabu ya hapa. Tuseme mashine nzima ya zamani, ikiwa katika kazi nyepesi, hula wati 60, na mpya hula 15. Tofauti ni wati 45. Saiba inayowasha mashine saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, itaokoa uniti 135 kwa kila mashine. Tukichukua shilingi 25 kwa uniti, hizo ni shilingi 3,375 kwa mwaka, na kwa mashine kumi ni 33,750. Kama kubadilisha kila mashine kunagharimu shilingi 12,000 baada ya kuuza ya zamani, fedha hurudi katika muda usiofika miaka minne. Kwa mwenye nyumba anayewasha saa mbili kwa siku, siku hizohizo 300, akiba ni shilingi 675 kwa mwaka, na fedha zilezile zitarudi baada ya miaka karibu kumi na minane. Chipu ni ileile, stima ni ileile, bei ni ileile, na jibu ni kinyume. Ndiyo sababu siamini ushauri wowote wa kubadilisha prosesa usioanza kwa kuuliza mashine huwashwa saa ngapi.

Wapo watakaosema kwamba hata mwenye nyumba anapaswa kubadilisha, kwa ajili ya mazingira, kwani wati chache ni moshi kidogo. Hoja hiyo ina nguvu mahali ambapo umeme hutoka kwenye makaa ya mawe. Hapa kwetu umeme wa gridi, kwa zaidi ya asilimia 80, hutoka katika vyanzo visivyochoma mafuta, na sehemu kubwa yake ni mvuke wa kaunti hii hii, kutoka Olkaria ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981, na sasa Menengai pia. Mahali kama hapa, uchafuzi mwingi wa kompyuta umekwisha kutokea kiwandani, kabla haijawashwa: katika kuchimba madini, kusafisha silikoni na kuendesha mitambo ya chipu. Kuirefushia mashine maisha kwa miaka miwili hapa ni jambo la maana kwa mazingira kuliko kuwahi kuitupa. Na inapotupwa, huishia wapi? Jaa la Gioto, pale mitelemkoni mwa Menengai, lina watu wanaookota riziki humo kwa mikono mitupu, na madabodi ina risasi katika lehemu za zamani. Anayebadilisha mashine ana wajibu wa kujua ile ya zamani inaelekea wapi, na mimi nalihesabu hilo kuwa sehemu ya bei.

Pingamizi zito zaidi ni la Linux. Kama mstari wa kizazi cha nane umechorwa na Microsoft, si na fizikia, kwa nini tuutii? Weka Linux kwenye mashine ya kizazi cha nne, itapokea masasisho ya usalama na itakwenda vizuri. Nakubaliana na hoja hii kwa sehemu kubwa, na ningependa ijaribiwe zaidi kuliko inavyojaribiwa. Tovuti ya serikali ya eCitizen hutumika ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali mfumo endeshi. Lakini marejesho ya kodi kwenye iTax kwa miaka mingi yamejazwa katika faili la Exceli lenye makro, na kila mwenye saiba anajua foleni ya mwisho wa Juni inavyokuwa. Si wakati wa kugundua kwamba makro imekataa. Shule nazo zina vitabu na walimu waliozoea Windows. Njia ya busara kwa saiba ya mashine kumi ni kuacha mbili au tatu za Windows 11 kwa kazi za namna hiyo na kuzihamisha zilizobaki kwenye Linux. Hilo hupunguza mashine za kununua kwa zaidi ya nusu.

Linasemwa pia kwamba akili bandia imebadilisha kila kitu. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza aina ya kompyuta zinazohitaji kijenzi maalumu cha kufanya operesheni trilioni 40 kwa sekunde pamoja na RAM ya gigabaiti 16. Lakini msaada wa akili bandia ambao wengi wetu hutumia unafanyika katika seva za mbali, na kompyuta iliyo mbele yako hupeleka maandishi na kupokea maandishi. Anayehitaji nguvu hiyo mezani kwake anajijua. Mtafiti wa kilimo wa KALRO Njoro, ambako aina za ngano kutoka nchi nyingi hujaribiwa dhidi ya kutu ya shina, akitaka kulinganisha jenomu za mamia ya mistari ya ngano ana kazi inayogawanyika vizuri katika viini vingi, na hesabu iliyochukua siku tatu ikimalizika kwa moja, msimu mzima wa utafiti hubadilika. Yeye asisubiri. Fedha za viini na RAM ziende kwake, na zitoke pale zinapokaa bure.

Nimeacha shule mwisho kwa sababu ndizo zinazosukumwa zaidi kununua kwa hofu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wauzaji wengi wameifanya tarehe hiyo kuwa hukumu ya kifo kwa mashine zote za kizazi cha saba kurudi nyuma. Microsoft ilitoa muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa kulipia, na bei yake haifanani kwa wote. Ofisi ya kawaida hulipa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, zikiongezeka maradufu kila mwaka: dola 427 kwa miaka mitatu, bei inayozidi thamani ya mashine yenyewe, na ofisi kama hiyo ni afadhali inunue kizazi cha nane mara moja. Taasisi za elimu zenye leseni za elimu hulipa dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Maabara ya mashine 40 inaweza kulindwa hadi Oktoba 2028 kwa jumla ya dola 280, huku ikibadilisha mashine chache kila mwaka kadiri karo inavyoingia, na kuziwekea zilizobaki SSD. Mkuu wa shule anayeambiwa kwamba maabara yote lazima iondoke kabla ya muhula ujao aombe kwanza orodha: kila mashine, kizazi cha prosesa yake, RAM yake, na aina ya diski. Fundi mmoja huimaliza kazi hiyo kwa siku moja, na kamati ya ununuzi ikiketi itakuwa inazungumzia mashine zilizotajwa moja moja, si maabara.